Shajara ya mradi: Kiingereza kwa michezo, Darasa la Kwanza, kando ya ziwa

Jumatatu, 20 Januari 2025

Naanza kuandika leo ili baadaye nisijidanganye kuhusu kilichotokea. Muhula huu wote, vipindi vya Kiingereza vya mkondo wangu wa Darasa la Kwanza nitavifundisha kwa michezo, na nitaandika hapa yanayofaulu na yanayokwama. Shule ni ya serikali, wilayani Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Ukisimama mlangoni mwa darasa unaliona ziwa kati ya mawe mawili makubwa. Watoto ni 94. Kiwango kinachotakiwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, kwa hiyo nina madarasa mawili ndani ya chumba kimoja.

Sababu ya mradi ni jambo la mwaka jana. Kwa miaka kadhaa kabla ya mtaala mpya, Darasa la Kwanza na la Pili lilikuwa la KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), na Kiingereza kilisubiri Darasa la Tatu. Mtaala ulioanza Januari 2024 umekishusha hadi Darasa la Kwanza. Uamuzi huo naukubali kwa moyo wote, kwa sababu sikio la mtoto wa miaka sita ni jepesi. Ila nilifundisha vile nilivyofundishwa mimi: naandika ubaoni, nasoma, wanaitikia. Mwezi wa kumi na moja nilimsimamisha mtoto mmoja mlangoni nikamuuliza, "What is your name?" Akasimama wima, mikono nyuma, akanijibu kwa ile sauti ya kuimba: "I am fine thank you teacher!" Alikuwa ameketi mbele yangu mwaka mzima.

Zana nilizonazo: maboksi ya biskuti, makapeni mawili (kalamu za wino mzito), vizibo vya soda ndoo nzima, kanga moja kuukuu. Kipindi ni dakika 30.

Alhamisi, 30 Januari

Nimeanza na mchezo wanaoujua, nyama-nyama. Kila mtoto hapa ameucheza: kiongozi anataja mnyama, akiwa analiwa wote wanaruka na kuitikia, akiwa haliwi anayeruka amekosea. Nimeubadilisha majina tu. "Fish!" wanaruka. "Goat!" wanaruka. "Cow! Hen!" wanaruka. "Dog!" kimya. "Snake!" kimya.

Darasa lilitikisika. Mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuchungulia. Watoto walikuwa wanacheka, wanaruka pamoja, na wachache sana walikosea. Niliondoka darasani nikiwa na furaha kubwa.

Jumanne, 4 Februari

Furaha ya Alhamisi haikuwa na msingi. Usiku nilijiuliza: watoto wengi hivyo wamejuaje maneno sita kwa siku moja? Leo nikawaambia wafumbe macho, viganja usoni, na badala ya kuruka wainue mkono. "Goat!" Mikono michache, mingine ikapanda nusu ikashuka. "Snake!" Zaidi ya nusu ya darasa wakainua. Kumbe Alhamisi wanne au watano wa mbele walikuwa wanaruka na wengine wote wanawafuata, kama kundi la kondoo nyuma ya kondoo wa kwanza.

Hili ni la kuandika kwa herufi kubwa kwenye andalio la somo: mtoto anaweza kucheza mchezo vizuri kabisa bila kulijua neno hata moja. Kelele na kicheko si ushahidi. Kuanzia leo kila mchezo nitaupima kwa swali moja: je, neno lisipoeleweka, mchezo unakwama? Kama haukwami, basi ni wa kupumzisha tu, na mahali pake ni mapumziko.

Jambo la pili. Nyama-nyama wanavyoucheza nyumbani, anayekosea anatoka. Darasani nimelifuta hilo. Anayetoka kwanza ndiye aliyekuwa anahitaji kubaki, na nikimtoa atakaa ukutani dakika ishirini akiangalia wanaojua wakizidi kujua. Sasa anayekosea anarudi nyuma hatua moja, analitaja neno, anaendelea.

Jumatatu, 10 Februari

Amri za mwili. "Stand up. Touch your head. Touch the stone. Walk to the door." James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alijenga njia nzima ya kufundisha lugha juu ya jambo hili katika miaka ya 1960: mtoto asikie na atende kwanza, kuongea kutakuja. Inanivutia kwa sababu ndivyo tunavyolea. Hakuna mama anayemsubiri mtoto aseme "njoo" ndipo amwite.

Mawe yetu uwanjani yamefaa sana kwa "on", "under" na "behind". Mtoto mmoja ameteleza akachubuka goti, kwa kuwa usiku mvua ilinyesha na jiwe lilikuwa bado bichi. Tumemwosha, amerudi kucheza. Siku za mvua amri zote zitafanyika chini, kwenye mchanga.

Jumatano, 12 Februari

Leo ndiyo siku niliyojifunza zaidi kuhusu masikio yao.

Neno la Kiswahili huishia na irabu, na watoto wanaongeza irabu kila mahali: "fishi", "redi", "doogi". Mwaka jana nilikuwa nawakemea, hawakuelewa wanakemewa nini. Safari hii nimegeuza kitu hicho kuwa mchezo, tumeuita Kata Mkia. Nikauliza: nani anajua boti? Wote. Goli? Wote. Shati, sketi, kona? Wote. Nikawaambia maneno haya yamesafiri, na yalipofika kwetu yakaota mkia. Tuukate. Nasema "boti" nikiwa nimenyoosha mkono, halafu natumia kiganja cha pili kama panga: "boat". Wao wanapiga makofi kwa silabi. Bo-ti, makofi mawili. "Boat", kofi moja. Go-li, mawili. "Goal", moja. Kwa kuwa asubuhi hiyohiyo walikuwa kwenye silabi za Kiswahili, ba be bi bo bu, kuhesabu silabi kwao si kitu kigeni.

Binti mmoja wa dawati la dirishani hakuweza. "Fi-shi." Makofi mawili. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwonyesha kidole mdomoni kama anayenyamazisha mtoto mchanga: "shhh". Akafanya. Nikamwambia aanze na "fi" halafu amnyamazishe mtoto. "Fi... shhh." Macho yake yakapanuka. Akarudia mara tatu kwa sauti ndogo, akamgeukia jirani yake akamwekea kidole mdomoni.

Tatizo lililojitokeza palepale: walikata mikia ya kila kitu. Meza ikawa "mez", samaki akawa "samak", na mmoja akaniita "madam", ambayo kwa bahati ni sahihi. Wamegundua kanuni na wanaijaribu, na mtoto anayejaribu kanuni anafikiri. Nikaweka kikapu cha maneno "yaliyosafiri" na kikapu cha maneno "ya nyumbani", wakawa wananiuliza kabla ya kukata.

Naongeza uamuzi mmoja: muhula huu hakuna neno la Kiingereza lililoandikwa, ni picha tu. Wanajifunza sasa kwamba herufi hii inaitwa e na hii inaitwa i. Nikiwaambia wiki hiyohiyo kwamba kwa Kiingereza e inaitwa kama i yetu, na i inaitwa "ai", nitaharibu vyote viwili. Nilimwonyesha mmoja kadi yenye neno "come" akalisoma "kome", kwa ufasaha kabisa. Anasoma Kiswahili vizuri, na sitaki kumvuruga.

Jumatatu, 24 Februari

Mchezo wa kuvua. Nimekata samaki wa maboksi 60, nimewapaka rangi, kila mmoja nimembana pini ya stepla mdomoni. Fundi redio wa hapa senta amenipa sumaku ya spika iliyokufa, nikaifunga kwenye kamba na fimbo. Mtoto anatumbukiza, samaki anaganda, anataja rangi au picha iliyo ubavuni, akipata anamchukua.

Wanaupenda kupita michezo yote. Na haufai. Nimehesabu: kwa dakika 30 wamevua watoto 17. Watoto 77 walisimama kwenye foleni wakisukumana. Ndani ya nusu saa, kila mmoja wa wale 17 alisema neno moja, labda mawili. Kwa darasa la watoto kumi na wawili ungekuwa mchezo mzuri sana. Picha zake zingependeza, lakini hesabu yake ni mbaya.

Nilipokuwa nakusanya, kijana mmoja mdogo aliyekuwa bado kwenye foleni akaniambia: "Madamu, dagaa hawavuliwi kwa ndoano." Nikamuuliza wanavuliwaje. Akanieleza mpaka kengele ikalia.

Ijumaa, 28 Februari

Waliofika ni 71, na kumi na kitu kati yao walifika baada ya kipindi cha kwanza. Nimetazama daftari la mahudhurio la mwezi wa kwanza, ni vilevile siku za mwishoni. Ni giza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa hauwavuti na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo wiki za giza mzigo unashuka alfajiri mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapopakua, na watoto wanawasaidia mama na bibi zao kuanika na kufukuza ndege. Wanakuja shule na magamba mikononi.

Azimio langu la kazi, yaani mpango wangu wa kufundisha, lilikuwa linafuata Jumatatu na Ijumaa, wakati mahudhurio ya darasa hili yanafuata mwezi. Nimeamua maneno mapya yote nitayafundisha wiki za mbalamwezi, na wiki za giza zitakuwa za marudio, ili anayekosa asikose kitu cha kwanza. Naona aibu kwamba nimefundisha hapa miaka minne bila kuliona.

Jumanne, 4 Machi

Mchezo wa Taa na Neti. Nauandika kwa urefu kwa sababu mwalimu mwingine anaweza kuutumia.

Mzazi mmoja mvuvi ametupa neti ya dagaa iliyochakaa. Tumeikata vipande tisa. Taa ni kopo lililozungushiwa karatasi ya njano, nalo tumetengeneza tisa. Yule kijana wa foleni ndiye aliyesema lazima kuwe na taa. Babu yake alivulia karabai, baba yake ana taa ya betri inayochajiwa kwa sola.

Makundi tisa ya watoto kumi au kumi na mmoja, nje, chini ya mwembe na juu ya lile jiwe bapa. Katika kila kundi mmoja anashika taa, wawili wanashika neti, waliobaki ni dagaa, na kila dagaa ana kadi yake ya picha ameificha kifuani. Mwenye taa anaita: "Red boat!" Dagaa wenye kadi hiyo wanaingia kwenye mwanga na kusema, "I have a red boat." Wa neti wanamfunika. Aliyenaswa ndiye anayeshika taa. Akiingia asiyehusika, ametoboa neti, anarudi majini, mchezo unaendelea.

Angalia kinachotokea hapo. Mwenye taa asiposema, hakuna dagaa anayekuja. Akisema vibaya, anakuja dagaa mwingine na wenzake wanamrekebisha wao wenyewe, sihitaji kuwepo. Kadi imefichwa, kwa hiyo hakuna wa kumfuata. Na tisa wanaongea kwa wakati mmoja badala ya mmoja. Nilizunguka kwenye makundi nikiwa na penseli. Kundi la jiwe bapa pekee, kwa dakika kumi na mbili, watoto wote kumi walikuwa wameshika taa angalau mara moja.

Nimesikia pia kitu kizuri. Mwenye taa mmoja aliita "two fish!" na ilikuwa sahihi bila kufundishwa, kwa kuwa "fish" haibadiliki, kama samaki wetu asivyobadilika akiwa mmoja au mia. Papo hapo akaita "two boat!" Somo la wingi limejileta lenyewe, na nimeliweka kwa wiki ya mbalamwezi ijayo.

Ijumaa, 14 Machi

Mbalamwezi, darasa limejaa. Mvua kubwa, tumecheza ndani: vitu sita juu ya meza, nafunika kwa kanga, naondoa kimoja, "What is missing?" Unafaa kwa siku za mvua na hauhitaji nafasi.

Baada ya kipindi kuna bibi alikuwa ananisubiri barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa upole tu. Mjukuu wangu daftari la Kiingereza halina hata ukurasa mmoja. Namuuliza mlisoma nini, ananiambia, bibi, leo nilikuwa dagaa."

Hakukosea kuuliza. Daftari ndilo dirisha pekee la mzazi, na mimi nilikuwa nimelifunga. Nimemwomba aje Jumatatu aone. Kuanzia wiki ijayo kila Ijumaa watachora walichokiita kwenye taa, wapeleke nyumbani, wamtajie mtu mmoja wa nyumbani kila mchoro.

Jumatatu, 17 Machi

Bibi amekuja, ameketi juu ya jiwe na kanga yake mabegani, mwishowe ameshika upande mmoja wa neti. Mjukuu wake alipoita "yellow fish" na wawili wakaja, bibi alipiga kigelegele. Wakati wa kuondoka aliniambia kitu kimoja: "Kumbe wanafanya kazi."

Jumatano, 23 Aprili

Nimerudi kwenye sauti, "ship" na "sheep". Kiswahili kina irabu tano, na kwa watoto wengi maneno haya mawili ni neno moja, "shipu". Nimechora meli kushoto mwa uwanja na kondoo kulia. Nikitamka, wanakimbilia upande. Kila raundi darasa liligawanyika ovyo, isipokuwa watoto wachache ambao hawakukosea hata mara moja. Nikawafuatilia. Watatu kati yao wanalelewa na bibi zao na nyumbani ni Kisukuma tupu, akiwemo mjukuu wa yule bibi wa barazani. Kisukuma kina irabu saba; kati ya i na e kuna nyingine, na kati ya u na o vilevile. Masikio yao yamezoea kutenganisha kile ambacho wengine hatujawahi kuhitaji kukitenganisha.

Nimewaweka hao watatu kuwa viongozi wa mchezo. Mmoja wao ndiye aliyekuwa mkimya kuliko wote tangu Januari, na kuna wakati niliandika kwamba anaonekana hana uwezo. Nimeufuta mstari huo kwenye daftari langu. Lugha ya nyumbani kwake imempa kitu ambacho mimi, mwenye cheti, ninakifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Alhamisi, 8 Mei

Soko. Vizibo ni shilingi mia, mchanga ni dagaa, makopo ni sado, kile kipimo cha sokoni. "How much?" "Five hundred." "Two, please." Walijipanga kama kwenye soko la samaki la mwaloni Kirumba kabisa, hadi binti mmoja aliyejifanya mama wa sokoni, akakunja uso na kushika kiuno.

Kilichokwama ni kwamba bei ikianza kujadiliwa, Kiingereza kinakimbia. "Aa, punguza bwana, dagaa zenyewe zina mchanga!" Nikajaribu kuweka sheria: Kiswahili mwiko sokoni. Soko likafa. Wakasimama wakitazamana. Dakika tano zilitosha, nikaifuta sheria.

Nilisoma sekondari kwenye shule moja ambako aliyekutwa akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa siku mbili. Nilichojifunza ni kunyamaza, na nilinyamaza kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. Sitaki mtoto yeyote wa darasa langu akionje hicho. Sheria mpya: bishaneni kwa lugha yoyote, ila sado haijazwi mpaka muuzaji asikie bei na idadi kwa Kiingereza. Soko limefufuka. Yule binti aliyekunja uso ameshusha bei kwa Kiswahili kutoka mia tano hadi mia tatu, halafu akasema "three hundred" na mkia ukiwa umekatwa vizuri kabisa.

Jumatano, 28 Mei

Siku tatu nimekuwa nikiwaita mmoja mmoja chini ya mwembe, huku mwenzangu wa Darasa la Pili akinishikia wengine. Namshukuru sana. Picha 20, amri tano, na maswali mawili ambayo hayakuwahi kuwa kwenye mchezo.

Picha: watoto 61 wametaja kumi na tano au zaidi bila kusaidiwa. 19 wako kati ya nane na kumi na nne. 14 wako chini ya hapo, na nilipofungua daftari la mahudhurio, tisa kati ya hao 14 ni watoto wa giza. Marudio pekee hayajatosha kwao. Muhula ujao nitawapa kadi ndogo za kwenda nazo mwaloni, wachezee pale pa kuanikia, na nimeshazungumza na akina mama wawili walio tayari kuzisimamia.

Amri: karibu wote wamezitenda, hata waliokwama kwenye picha. Wanasikia zaidi ya wanavyosema. Wingi bado unasumbua, na "he" na "she" hazijashika kabisa. Sisi tuna yeye mmoja, na sijapata mchezo unaokwama pale zinapochanganywa. Natafuta.

"What is your name?" Nilimuuliza kila mmoja bila kumwandaa, akiwa ndio kwanza anaketi. Sita wameniimbia "I am fine". 88 wamenitajia majina yao, na yule binti wa dirishani akaongeza lake bila kuulizwa: "And you?"

Vipande vitatu vya neti vimechanika katikati. Yule kijana wa foleni amesema baba yake ana uzi, atavishona wakati wa likizo kama nitampa avipeleke nyumbani. Nimempa.